Kila Kitufe Kilikuwa Kazi ya Mtu

Ofisi ya serikali niliyoikuta nilipoanza kazi miaka ya themanini ilikuwa watu kwanza, vifaa baadaye. Mkuu wa idara alisema, mhazili akanasa kwa hatimkato. Mpiga chapa alipiga, mwenzake akasoma na kulinganisha. Karani wa masijala alitafuta jalada, akaipa barua namba ya folio, akaandika kwenye rejesta nani kalichukua na lini. Mtarishi alibeba barua kwa baiskeli hadi wizara ya pili na kurudi na kitabu kilichosainiwa. Mhasibu alijumlisha safu za leja kwa penseli, kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu, na alipopata jibu lile lile mara mbili ndipo alipoandika kwa wino.

Leo kazi hizo zote zimo ndani ya kompyuta ya kijana mmoja. Anaandika, anasahihisha, anahifadhi, anatuma, anajumlisha, na hakuna wa kumsomea. Asubuhi anawasha mashine anakuta programu imejisasisha usiku, kuna kitufe kipya juu ya ukurasa, na hakuna aliyemwambia ni cha nini. Vijana ninaowafundisha huniletea maswali hayo kila mara. Njia yangu ya kuwajibu ni moja: nawaeleza kazi hiyo zamani ilifanywa na nani. Ukimjua mtu aliyekuwa akiifanya, na ukajua alikuwa akichunga nini, utajua kitufe kinafanya nini na kitakuangusha wapi. Historia ya programu za ofisini ninavyoijua mimi ni historia ya watu hao.

Nilisomea Chuo cha Uhazili Tabora, chuo ambacho sasa ni sehemu ya Chuo cha Utumishi wa Umma. Kwa wasichana wengi waliomaliza kidato cha nne, Tabora ilikuwa njia ya kupata mshahara wa kwanza na heshima nyumbani. Tulikaa kwa mistari, kila mmoja na mashine yake ya chapa, vitufe vimefunikwa ili macho yabaki kwenye karatasi ya kunakilia. Kidole kilijifunza mahali pake. Hatimkato ilipimwa kwa maneno kwa dakika, na matangazo ya kazi za katibu mahsusi serikalini yameendelea kutaka maneno 80 kwa dakika, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Tulifundishwa kutunza siri kabla ya kufundishwa kupanga pambizo.

Mashine tuliyopigia ilikuwa na umri wa karne. Christopher Latham Sholes wa Milwaukee, Marekani, alipata hataza yake mwaka 1868, na kampuni ya Remington, iliyokuwa ikitengeneza bunduki, ikaanza kuiuza mwaka 1874. Mpangilio wa herufi anaouona kijana kwenye simu yake leo, ule unaoanza na Q, W, E, R, T na Y, ulitoka huko. Mwaka 1878 Remington ikaongeza kitufe cha kubadilisha herufi ndogo kuwa kubwa, kwani mashine ya kwanza ilipiga herufi kubwa tupu. Hilo nalo lilikuwa toleo jipya lenye kipengele kipya, na wapiga chapa wa wakati huo walilazimika kujifunza upya kama tunavyolazimika sisi.

Kosa kwenye mashine ya chapa lilikuwa na gharama. Barua moja yenye nakala tatu za kaboni ilihitaji kufutwa mara nne, kila karatasi peke yake, huku ukiweka kipande cha karatasi katikati ili kaboni isichafue. Kwenye stensili ya mashine ya kurudufu tulipaka dawa nyekundu ya kuziba, tukasubiri ikauke, tukapiga herufi sahihi juu yake. Kwa kazi ya kawaida kulikuwa na wino mweupe, na wino huo uligunduliwa na mwenzetu. Bette Nesmith Graham alikuwa katibu katika benki moja mjini Dallas, Texas. Aliona wachoraji wakifunika makosa yao kwa rangi, akachanganya rangi nyeupe nyumbani kwake, na kuanzia mwaka 1956 akawauzia makatibu wenzake. Mwaka 1979 kampuni yake ya Liquid Paper ilinunuliwa na Gillette kwa dola milioni 47.5. Aliyetatua tatizo la mpiga chapa alikuwa mpiga chapa, kwa sababu yeye ndiye aliyejua linauma wapi.

Na mojawapo ya mashine za kwanza zilizotuondolea kazi ya kupiga upya ukurasa mzima ilijengwa na mwanamke pia. Evelyn Berezin wa New York alianzisha kampuni ya Redactron mwaka 1969, na mwaka 1971 akaanza kuuza mashine aliyoipa jina la Data Secretary. Ulipiga barua mara moja, ikahifadhiwa kwenye utepe wa sumaku, ukarekebisha neno moja tu, mashine ikapiga yote upya yenyewe. Nawaomba wanafunzi wangu wayakumbuke majina haya mawili, Graham na Berezin, kwa sababu historia ya kompyuta ikisimuliwa huwa inaanza na wanaume waliojaza vyumba kwa mitambo, na wahazili huonekana kama watu waliopewa vifaa tu. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya vifaa hivyo ilianzia mezani petu.

Sehemu nyingine ilianzia kwa wahariri. Tarehe 9 Desemba 1968, mjini San Francisco, Douglas Engelbart alionyesha mbele ya wataalamu jinsi mtu anavyoweza kuhariri maandishi kwenye skrini akitumia kipanya, na jinsi watu wawili walio mbali wanavyoweza kuitazama kazi moja kwa pamoja. Miaka michache baadaye, katika kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto, Butler Lampson na Charles Simonyi walitengeneza programu ya Bravo, ambayo ukurasa wake ulionekana kwenye skrini kama utakavyotoka kwenye karatasi. Wenzao Larry Tesler na Tim Mott walipewa kazi ya kuitengenezea programu kampuni ya vitabu vya shule iitwayo Ginn. Mott alikwenda kukaa na wahariri wa Ginn, akawatazama wakikata aya kwa mkasi na kuzibandika mahali pengine kwa gundi, kisha yeye na Tesler wakaunda programu iliyofuata mikono ile. Kukata na kubandika tunakokufanya kila siku kwa vidole viwili ni kazi ya wahariri wale wenye mkasi, na imetufikia bila kubadilika sana kwa sababu aliyeiunda aliwatazama kwanza watu wakiifanya.

Tanzania tuliingia polepole katika kompyuta. Kompyuta ya kwanza ya serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na kwa miaka mingi kuipata moja kulihitaji kibali maalumu. Ndiyo maana kizazi changu kiliruka hatua nyingi ambazo wenzetu wa Ulaya na Marekani walizipitia moja moja. Walipokuwa wakihangaika na programu ya kuandikia ya WordStar mwishoni mwa miaka ya sabini, sisi tulikuwa kwenye mashine za chapa. Kompyuta zilipoanza kuingia maofisini mwetu kwa wingi, nyingi zikija na miradi ya wafadhili, tulikuta juu ya meza WordPerfect 5.1, programu iliyotoka Orem, Utah, mwaka 1989.

Wakubwa wenzangu wataikumbuka skrini ile ya bluu iliyo tupu. Haikuwa na kitufe hata kimoja cha kuonekana. Kila kazi ilikuwa kwenye safu ya vitufe vya F juu ya kibodi, na juu yake tuliweka kipande cha plastiki chenye maelezo ya rangi: F7 kutoka, Shift na F7 kuchapisha, F10 kuhifadhi. Tulikariri yote. Aliyetoka Tabora hakupata shida kubwa, maana mkono wake ulikwishazoea kukumbuka bila kutazama. Kitu nilichokipenda zaidi ni amri ya kufunua alama za siri, Alt na F3. Skrini iligawanyika, na chini yake ukaona kila kitu programu ilichokifanya: hapa herufi nzito zimeanza, hapa zimekwisha, hapa kuna mstari mpya. Hakuna kilichofichwa. Aya ilipokataa kukaa sawa ulijua sababu, kwa sababu uliiona.

Kisha ikaja Word na kutawala. Toleo la kwanza la Word lilitoka mwaka 1983 kwa mfumo wa DOS, chini ya usimamizi wa yule yule Simonyi aliyetoka Xerox, lakini sisi tulilijua lilipokuja ndani ya Windows miaka ya tisini. Menyu zilikuwa wazi, kipanya kilikuwa mkononi, na kukariri kukapungua. Hapo ndipo programu ilipoanza kufanya mambo bila kuagizwa. Mwaka 1993 Word 6 ilikuja na usahihishaji wa papo kwa papo: ukikosea neno la Kiingereza lililomo kwenye orodha yake, linajirekebisha kabla hujaliona. Mwaka 1995 ikaja mistari myekundu chini ya maneno isiyoyajua.

Kwa anayeandika Kiingereza, mistari ile ilikuwa msaidizi. Kwa sisi tunaoandika Kiswahili, ukurasa mzima ulijaa nyekundu. Barua nzuri ya Mkurugenzi, isiyo na kosa hata moja, ilionekana kama daftari la mwanafunzi aliyefeli. Vijana wengi wakaizima huduma ile moja kwa moja, na kwa kuizima wakabaki bila mtu wa kuwasomea hata walipoandika Kiingereza. Msomaji wa pili, yule mwenzangu tuliyekuwa tukilinganisha naye neno kwa neno, mmoja akisoma kwa sauti na mwingine akifuata kwa kalamu, alikuwa amekwisha kuondolewa na mashine iliyochukua nafasi yake haikuijua lugha yetu.

Ndiyo maana mwaka 2004 haupaswi kusahaulika. Mwaka huo, watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika mradi wa Kilinux walitoa Jambo OpenOffice, programu ya bure ya kuandikia na kufanyia hesabu iliyokuwa na menyu zote za Kiswahili. Microsoft nayo ilitoa sura ya Kiswahili ya Windows na Office katikati ya muongo huo. Maofisini hazikushika sana, kwa sababu tulikwisha kujifunza kwa Kiingereza na vyeti vyetu vilikuwa vya Kiingereza. Hata hivyo walioifanya kazi ile walionyesha kwamba mtarishi wa darasa la saba anaweza kukaa mbele ya kompyuta akaelewa anachokisoma. Naihesabu kuwa miongoni mwa kazi muhimu zilizofanyiwa Kiswahili ofisini, na inastahili kuendelezwa.

Usahihishaji wa papo kwa papo nao ulikuwa na mtego wake kwetu. Barua za serikali hupenda kupanga mambo kwa (a), (b) na (c). Ukiandika (c), Word huigeuza kuwa alama ya hakimiliki. Nimeona barua za posho, barua za uhamisho, hata taarifa za vikao zikienda kwa wakubwa zikiwa na alama hiyo ya hakimiliki mahali pa kipengele cha tatu. Dawa yake ni kubonyeza Ctrl na Z papo hapo, herufi zako zinarudi, au kuifuta alama hiyo kwenye orodha ya usahihishaji isikusumbue tena. Ni jambo la nusu dakika. Lakini mtu asiyejua kwamba programu ina tabia ya kumrekebisha hawezi kujua kwamba anapaswa kumkagua aliyemrekebisha.

Sasa niseme habari ya mhasibu, maana hapo ndipo hasara huwa kubwa. Mwaka 1979, mwaka ule ule Bette Graham alipouza kampuni yake, Dan Bricklin na Bob Frankston walitoa VisiCalc kwa ajili ya kompyuta ya Apple II. Karatasi ya leja ikaingia kwenye skrini: ukibadilisha namba moja, jumla zote zinajibadilisha. Mwaka 1983 ikafuata Lotus 1-2-3, na mwaka 1985 Excel, kwanza kwenye Macintosh na mwaka 1987 kwenye Windows. Wahasibu waliokuwa wakikesha mwisho wa mwaka wa fedha wakaanza kulala nyumbani.

Excel, hata hivyo, iliumbwa ikidhani kwamba kila unachoandika kwa tarakimu ni namba ya kuhesabiwa. Andika namba ya simu inayoanza na 07 au 06, Excel inaondoa sifuri ya mbele, maana katika hesabu sifuri hiyo haina kazi. Orodha ya wajumbe wa semina inatoka na simu zenye tarakimu tisa, na anayetakiwa kuwatumia ujumbe hampati mtu. Namba ya kitambulisho cha taifa ni mbaya zaidi. Ina tarakimu 20, na Excel hushika tarakimu 15 tu za namba. Ukiiandika bila vistari vya kutenganisha, tarakimu tano za mwisho zinageuka sifuri, na ukishahifadhi faili hakuna njia ya kuzirudisha humo. Nimewahi kuona orodha ya watumishi iliyopita mikono ya watu kadhaa, wote wakiwa na sifuri tano mwishoni mwa vitambulisho vyao, na hakuna aliyeshtuka, kwa sababu kila mmoja aliamini kwamba kompyuta haikosei namba.

Jambo hili halikutusumbua sisi peke yetu. Wanasayansi wa jenetiki wana jeni zilizokuwa zikiitwa kwa vifupisho kama SEPT1 na MARCH1. Excel iliziona ikadhani ni tarehe za Septemba na Machi, ikazigeuza, na makosa hayo yakaingia katika majedwali ya utafiti yaliyochapishwa. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu iliamua kubadilisha majina yenyewe; SEPT1 ikawa SEPTIN1, na MARCH1 ikawa MARCHF1. Yaani sayansi ilibadili majina ya vitu vilivyomo mwilini mwa mwanadamu kwa sababu ya tabia ya programu ya hesabu. Mwezi Oktoba 2023 Microsoft ikaleta swichi za kuizima tabia hiyo kwenye Windows na Mac. Kwenye Windows ziko ndani ya mipangilio ya Excel, sehemu ya data, chini ya ubadilishaji wa data wa kiotomatiki: ya kuacha sifuri za mbele, ya namba ndefu, na ya herufi na tarakimu zinazofanana na tarehe.

Sasisho hilo ni la kizazi hiki, ni la bure kwa mwenye toleo linalosasishwa, na linatibu maradhi ya ofisi zetu hasa: simu na vitambulisho. Hata hivyo maofisini ninakokwenda kufundisha, ninapouliza ni nani anazijua swichi hizo, mara nyingi chumba hunyamaza. Mhasibu wa leja aliyekuwa akijumlisha mara mbili angezitafuta siku ya kwanza. Alijua kwamba tarakimu inaweza kuteleza mkononi mwa mtu yeyote, kwa hiyo alijiwekea utaratibu wa kuikamata. Anayetumia Excel leo anahitaji utaratibu huo huo: kabla ya kubandika simu au vitambulisho, fanya safu iwe ya maandishi, ukimaliza, chukua majina machache ulinganishe na fomu zenyewe.

Masijala nayo ina hadithi yake. Serikalini tulikuwa na masijala ya wazi na masijala ya siri. Jalada halikutembea bila kuandikwa, na ndani yake kila dokezo lilifuata lililotangulia, kwa hiyo ulipolifungua ulisoma jambo tangu lilipoanza. Kompyuta ilipokuja, utaratibu huo ulivunjika. Kila mtu akahifadhi kwenye mashine yake, kisha kwenye disketi, kisha kwenye flashi. Umeme ulipokatika, kazi ya asubuhi nzima ilipotea. Rasimu moja ikawa na faili kadhaa zenye majina yanayofanana, na hakuna aliyejua ipi ndiyo iliyopitishwa.

Dawa ilianza kuja mwaka 2006, Google ilipoinunua Writely, programu ya kuandikia ndani ya kivinjari cha intaneti, na kuifanya Google Docs. Waraka ukawa mmoja, watu wengi wakauandika kwa pamoja, na kila badiliko likahifadhiwa lenyewe pamoja na jina la aliyelifanya na saa. Microsoft ilianzisha Office 365 mwaka 2011, na mwaka 2017 ikaleta uhifadhi wa kiotomatiki kwa nyaraka zilizoko kwenye wingu. Ukifungua historia ya matoleo ya waraka, unapata tena kile karani wa masijala alichokuwa akikilinda: nani kagusa, lini, na waraka ulikuwaje kabla. Ningetaka kila mtumishi ajue kuifungua. Ugomvi mwingi wa nani kafuta aya unakwisha hapo kwa dakika moja, bila kumshuku mtu.

Ila kuna jambo la kuangalia. Mwaka 2025 Microsoft ilianza kuifanya Word ya Windows ihifadhi waraka mpya kwenye wingu tangu unapoanzishwa, bila kusubiri uamuzi wa mwandishi. Kwa mtu anayeandika wasifu wake hilo ni jema, hatapoteza kazi. Kwa ofisi, maana yake ni kwamba karatasi inatoka jengoni kabla mtu hajaamua ni ya masijala ya wazi au ya siri. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na orodha ya wagonjwa au ya mishahara ni taarifa binafsi hata ikiwa bado rasimu. Mipangilio ya Word, sehemu ya kuhifadhi, inaruhusu kuchagua kompyuta yako iwe mahali pa kwanza pa kuhifadhi. Uamuzi wa wapi karatasi inakaa ulikuwa wa mtu mwenye dhamana, na unapaswa kurudi kwake.

Na sasa imefika zamu ya hatimkato. Tarehe 16 Machi 2023 Microsoft ilitangaza msaidizi wake wa akili mnemba, Copilot, ndani ya Word, Excel, PowerPoint, Outlook na Teams, na tarehe 1 Novemba mwaka huo ikaanza kuwauzia wateja wakubwa kwa dola 30 kwa mtumiaji kila mwezi. Google nayo imeweka msaidizi wake ndani ya Docs na Gmail. Wasaidizi hao wanaandika rasimu ya barua, wanafupisha waraka mrefu, wanasikiliza kikao na kutoa muhtasari. Nimewaona vijana wakifurahi, nami nafurahi pamoja nao, kwa sababu najua mkono unavyochoka baada ya kikao cha bodi cha siku nzima.

Lakini mhazili kikaoni hakuwa akinasa maneno tu. Alijua kwamba mjumbe fulani alisema jambo kwa hasira akaliondoa baadaye. Alijua tofauti ya kilichosemwa na kilichoamuliwa. Alipokuwa na shaka alimfuata mwenyekiti na kumuuliza. Msaidizi wa kompyuta haoni shaka. Huandika lililosemwa na lisilosemwa kwa lugha ile ile ya kujiamini. Bahati njema, wazee wetu walituachia kinga. Kila kikao hufunguliwa kwa kusoma na kuthibitisha kumbukumbu za kikao kilichopita, mwenyekiti anasaini, kisha yanafuata yatokanayo. Utaratibu huo ulikuwapo kwa sababu hata mhazili mwenye maneno 120 kwa dakika angeweza kusikia vibaya. Unamfaa msaidizi wa kompyuta vivyo hivyo, mradi tusiuache kwa kisingizio cha kuokoa muda.

Kinachonisikitisha ni namna tunavyowaacha watu wajifunze. Matangazo ya kazi ya ukatibu serikalini kwa miaka mingi yametaka cheti cha Windows, Microsoft Office, intaneti, barua pepe na Publisher. Publisher yenyewe Microsoft imetangaza kuiondoa Oktoba 2026. Cheti kinapatikana mara moja, programu inabadilika kila mwezi. Zamani mashine mpya ilipoletwa, fundi wa muuzaji alikuja akakaa nasi, na mkubwa wetu aliruhusu kazi isimame. Siku hizi badiliko kubwa kuliko mashine mpya linaingia usiku kupitia intaneti, na saa mbili asubuhi mtumishi anatakiwa aendelee kana kwamba hakuna kilichotokea. Akikosea anaitwa mzembe.

Nawaomba wakuu wa ofisi, wa umma na wa binafsi, watenge saa moja kila mwezi ndani ya muda wa kazi kwa ajili ya jambo hili. Mtu mmoja asome maelezo ya masasisho, ajaribu, kisha awaonyeshe wenzake: hiki kimeongezwa, hiki kimeondolewa, hiki tukizime, hiki tukitumie. Mpeni kazi hiyo mhazili wenu kama bado mnaye, maana uangalifu wa kuifanya anao tayari. Nanyi vijana mliorithi kazi za ofisi nzima, mashine imechukua mikono ya wale waliowatangulia, ila jukumu lao limebaki kwenu. Someni kilichoandikwa kabla ya kutia sahihi.